Maswali ya Wasomaji: Besi milia wa mto Thames majira ya baridi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimekulia Tanga, ambako tangu utotoni nilivua kwa mshipi wa mkono na chambo cha ngisi. Sasa naishi Norwich, jimbo la Connecticut, Marekani. Majira haya ya baridi nawaona wavuvi wakirusha vyambo vya manyoya katika mto Thames na kupata samaki aitwaye besi milia, lakini mimi, ingawa nimenunua zana kama zao, sipati hata mguso. Je, samaki hawa hawahami maji yanapopoa? Nibadilishe nini?
Msomaji, Norwich

JIBU: Ndugu msomaji, wengi wao huhama. Besi milia wakubwa wa pwani ya Atlantiki huteremka kusini, na wengi hupitisha baridi katika bahari ya Virginia na North Carolina. Hata hivyo wapo, hasa wadogo, ambao hubaki mitoni, na hapo Norwich, mito ya Yantic na Shetucket inapokutana kuwa Thames, ni miongoni mwa maficho yao yanayojulikana sana. Maji ya bahari hupanda hadi hapo, na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito, hutambaa chini ya maji matamu ya mto, ambayo wakati huu huwa baridi zaidi. Samaki basi hulala chini, kwenye kina, wakiwa wamesongamana. Unaweza kurusha mchana kutwa mita chache pembeni mwa kundi usijue kwamba lipo.

Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, besi milia hupunguza mwendo na hamu ya kula, wala hafukuzi chambo kinachokimbia juu yake kama afanyavyo Juni. Kwa hiyo tatizo lako, tunavyodhani, ni kina na mwendo, si ubora wa zana. Acha mshipi unaoelea; tumia ule unaozama upesi, na kiungio kifupi cha mita moja hivi kati ya mshipi na chambo, kwa sababu kiungio kirefu hukiacha chambo kikielea juu wakati mshipi umeshafika chini. Kwa chambo chenyewe, Clouser Minnow, kilichobuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania mwaka 1987, kinatosha: singa za mkia wa kulungu, nyeupe na kijani-manjano, na macho mazito ya chuma yanayofanya kazi ya chubwi. Mshipi unaozama sentimita 15 kwa sekunde huhitaji sekunde 40 kufika mita 6, nasi tunaamini wengi huchoka kusubiri wakifika 15.

Chambo kikishafika chini, kivute kwa mkono, inchi chache tu, kisha utulie. Samaki wa baridi hashtui fimbo. Mshipi huwa mzito kidogo tu, kana kwamba umenasa jani bovu. Hapa ujuzi wako wa Tanga utakufaa kuliko fimbo yoyote ya ghali, maana kidole kilichozoea mshipi wa mkono hutambua uzito huo mapema. Ukiuhisi, vuta mshipi moja kwa moja na usiinue fimbo, kwani ukiiinua na samaki hajanasa, chambo kitatoka mbele yake. Barafu ikiziba pete za fimbo, chovya ncha yake majini iyeyuke. Usiivunje kwa kucha.

Wengi utakaowapata hawatafikia kipimo halali: tangu mwaka 2024 kanuni za pwani huruhusu samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa inchi 28 hadi 31 tu, nawe unahitaji leseni ya uvuvi wa baharini. Kanuni hubadilika, kwa hiyo zisome upya kila mwaka. Bana kijino cha ndoana kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, na mfungue akiwa bado majini, kwa sababu hewa ya chini ya sifuri huweza kugandisha mashavu na macho yake.

Vua ukiwa ukingoni, usiingie maji yakupite magoti. Ukipata kayaki, fahamu kwamba sheria ya Connecticut humtaka aliyemo kuvaa jaketi la kuokolea maisha kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31.