Jibu: Ikoni inafungua programu ambayo tayari iko wazi

Dada wa saiba ya Kondele, nimekuelewa: mteja anabofya ikoni, VLC (programu ya kuchezea video na muziki) tayari iko wazi nyuma ya madirisha mengine, inafunguka ya pili, na kompyuta yenye RAM ya GB 2 inaanza kukwama.

Ikoni hiyo haiangalii kilicho wazi. Ndani yake mna faili fupi yenye mstari wa Exec, yaani amri; ukibofya, amri inatekelezwa upya, basi. Programu yenyewe ndiyo huamua kama itajirudia. Firefox na LibreOffice kwa kawaida huongeza dirisha tu ndani ya nakala ileile, kwa hivyo hizo zisikusumbue. VLC ina dawa yake: ingia kwenye mipangilio, uweke alama pale pa kuruhusu nakala moja tu.

Kwa programu isiyo na chaguo hilo, kwenye Linux Mint yako ya Xfce weka wmctrl, programu ndogo ya kudhibiti madirisha kwa amri, kisha badilisha mstari wa Exec. Mfano wa xterm, dirisha la kuandikia amri:

Exec=sh -c "wmctrl -xa xterm || xterm"

Dirisha likiwepo linaletwa mbele. Lisipokuwepo ndipo programu inafunguliwa. Majina ya madirisha utayaona kwa kuandika amri wmctrl -lx. Inafanya kazi kwenye X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Kwa Wayland, ule mpya, usiitegemee. Hifadhi faili ya awali kwanza.

Ninachoogopa zaidi ni ile programu yako ya mauzo. Nakala mbili zikiandika kwenye faili moja, hesabu zinaweza kuharibika. Hapo usijaribu ujanja, hata huu wangu. Mwite fundi aliyekuwekea. Wateja nao waonyeshe kubonyeza Alt na Tab pamoja, ili wapite kati ya madirisha yaliyo wazi.