Mswaki wa usiku ni kazi ya mzazi, na mengine wazazi wanayoniuliza kuhusu meno ya watoto

Nikikaa na wazazi wenzangu wenye watoto wadogo lazima maneno yafike kwenye meno, na swali la kwanza huwa ni lile lile, kwani kuna haja gani ya kuhangaika na meno ya utoto wakati yatang'oka tu? Jamani haja ipo, tena kubwa. Ya mbele ndo yanaanza kulegea kwenye miaka 6 hivi, ila magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 au 12 huko. Sasa gego likitoboka mtoto ana miaka 4 ataishi nalo vipi? Hali vizuri, usiku halali, na liking'olewa mapema meno ya jirani yanasogea kuziba pengo, la ukubwani likija linakosa nafasi linatokea upande.

Kwenye mswaki mimi sina masihara, mpaka mtoto afike miaka 7 au 8 mzazi ndo anapiga mswaki, manake mkono wa mtoto bado hauna ufundi wa kufika kule nyuma. Wangu wote wawili walikuwa wanataka kujipigia wenyewe, sawa, nawaachia waanze wakimaliza inakuja zamu yangu. Nakaa chini, mtoto analala kichwa mapajani kwangu, kwa kidole nanyanyua mdomo wa juu taratibu mpaka naona ufizi, hapo unaona kila kitu. Na ukinyanyua hivyo angalia pale jino linapokutana na ufizi, ukiona mstari mweupe usiong'aa ujue jino limeanza kupoteza madini, bado halijatoboka na hapo bado linaweza kurudi bila kuchimbwa, ila ukisubiri mpaka uwe wa kahawia umechelewa. Mara mbili kwa siku, ya usiku ndo ya mwisho kabisa, baada ya hapo ni maji tu.

Dawa ya meno nayo wengi wanaiogopa, eti atameza. Tatizo siyo dawa, ni kipimo. Chini ya miaka 3 weka kama punje ya mchele, kuanzia 3 mpaka 6 kama punje ya njegere, na iwe na floraidi, yale madini yanayoimarisha jino, soma kwenye tyubu iwe angalau ppm 1000 (ppm ndo kipimo cha wingi wa floraidi). Akimaliza ateme tu asisukutue na maji mengi, ile kidogo inayobaki ndo inalinda. Anayemeza nyingi kila siku kwa miaka anaweza kupata madoa meupe kwenye meno ya ukubwani, ndo maana kushika tyubu iwe kazi yako.

Sukari sasa. Wazazi wengi wanahesabu pipi ngapi, mimi nahesabu mara ngapi, kwa sababu kila mtoto akionja kitu kitamu bakteria mdomoni wanatengeneza asidi, na mate yanahitaji kama nusu saa au zaidi kuituliza, kwa hiyo anayezunguka na kikombe cha juisi anafyonza kidogo kidogo kutwa nzima anaumia kuliko anayekunywa yote mara moja na chakula. Usiku mate yanapungua, ndo maana chupa ya maziwa au juisi kitandani inamaliza yale meno ya mbele ya juu. Akitaka chupa ya kulalia mpe maji.

Homa je? Jino likiota mtoto atatoka udenda, atatafuna kila kitu na atalialia, ila homa kali au kuharisha usisingizie meno, mpeleke hospitali. Na lile la meno kuota safu mbili kwa chini linatisha kuliangalia lakini mara nyingi la utoto linalegea lenyewe na ulimi unasukuma jipya mbele, likigoma kulegea kwa miezi muonyeshe daktari.

Kitu ambacho nawasisitizia sana ni gego la miaka 6. Linaota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo mzazi anadhani ni la utoto, kumbe ndo hilo hilo la maisha! Likiwa linapanda linakuwa chini kuliko wenzake, mswaki unalipita juu, basi ingiza mswaki kwa ubavu. Daktari wa meno anaweza pia kuviziba vile vishimo vyake vya asili vya juu kabla havijaoza, muulize.

Na kwa daktari nendeni mapema, mwaka wa kwanza, mtoto akiwa haumwi kitu. Mwanangu mdogo alikaa mapajani kwangu akahesabiwa meno tukaondoka, mpaka leo haogopi. Usimtishie mtoto kwamba akigoma mswaki ataenda kung'olewa.

La mwisho, ajali. Jino la ukubwani likichomoka zima, lishike sehemu ya kutafunia usiguse mzizi, lisuuze kidogo bila kusugua, lirudishe kwenye shimo lake, ang'ate kitambaa mkimbie kwa daktari saa hiyo hiyo. Ukishindwa kulirudisha litumbukize kwenye maziwa, usilifunge kwenye tishu likakauka. La utoto lenyewe usirudishe kabisa, utaumiza linalokua chini yake, ila mtoto mpeleke akaangaliwe.