Tepu na silikoni haziponyi weivugaidi

Swali: Mimi ni fundi wa minara, Tanga. Linki yetu ya gigahezi 7 ina weivugaidi inayonyumbulika (bomba la chuma la kupitishia mawimbi, lenye raba kwa nje) kati ya redio na dishi. Mvua ikinyesha, nguvu ya mawimbi hushuka desibeli 8, na hata jua likitoka hairudi mpaka kesho yake. Mwenzangu anashauri tuizungushie tepu na silikoni. Itafaa?

Jibu: Haitafaa. Kwenye gigahezi 7 mvua yenyewe hupunguza mawimbi kidogo, na ikikatika linki hurudi. Tatizo linalolala mpaka kesho ni maji yaliyokwisha ingia ndani, na tepu itayafungia humohumo. Silikoni inayonuka siki ni mbaya zaidi, kwani asidi yake hula shaba. Zima redio kabla ya kulegeza flenji (ule mdomo bapa wa kufungia boliti), badilisha kipande hicho na gasketi zake za kuziba maungio, kisha kaza boliti kwa mkingamo, yaani moja na ile inayoikabili.

Lakini kagua raba ya kile cha zamani. Mara nyingi huwa imepasuka karibu na flenji, pale mtu alipoikunja kwa nguvu ili matundu ya boliti yakutane. Hili linaniudhi kuliko yote: mafundi kuichukulia weivugaidi kama mpira wa maji, wakunje na kusokota watakavyo. Ndani yake ni njia ya pembe nne, kwa masafa yenu kama milimita 28.5 kwa 12.6, na umbo hilo likiharibika sehemu ya mawimbi hurudi kwenye redio. Uso mpana hukubali kupindwa kwa kona kali. Ule mwembamba hudai kona pana zaidi. Kusokota ndiko kabisa: ile ya bomba moja lenye mikunjo isiyo na kiungo haisokotwi hata kidogo. Inayovumilia ni ile ya utepe uliozungushwa na kushikana, nayo kwa digrii zilizoandikwa na mtengenezaji tu. Karatasi yake ya vipimo pia hutaja nusu kipenyo cha kupinda mara moja, tofauti na cha kupinda mara kwa mara.

Wapo wanaoagiza kipande kirefu cha kunyumbulika ili wasisumbuke kupima na kukata weivugaidi ngumu. Kinapoteza nguvu zaidi kwa kila mita, kinachezeshwa na upepo, na chuma huchoka. Wengine wanauza vilivyong'olewa minara ya zamani, raba imepakwa rangi nyeusi ionekane mpya. Msinunue. Mwambie mwenzako achungulie ndani ya mdomo wa kipande kilichofunguliwa: madini ya fedha yaliyopakwa humo yakiwa na madoa ya kijani, hakuna dawa ya nje itakayoyasafisha.