Re: Wanawake wa Kiigbo zamani walikuwa wa kunyamaza tu?
Ndugu, hapana, wanawake wa Kiigbo, watu wa kusini-mashariki mwa Nigeria, hawakuwa wa kunyamaza tu. Viazi vikuu vilikuwa zao la mwanamume, kweli, na ghala lililojaa ndilo lililompa jina. Lakini mwanamke mwenye mali aliweza kumlipia mahari mwanamke mwenzake, akawa mume wake, na watoto wa mke huyo wakahesabiwa kuwa wa huyo mwenye mali. Na ole wake mwanamume aliyemtesa mkewe! Wanawake walimjia nyumbani kwake wakamwimbia nyimbo za kumfedhehesha mpaka akiri kosa. Waingereza ndio walioleta uchifu wa kuteuliwa, wakawapa karibu wanaume peke yao. Ahebi Ugbabe wa Enugu-Ezike alikuwa mwanamke wa nadra aliyepewa uchifu huo. Mwaka 1929 uvumi ulipoenea kwamba wanawake nao watatozwa kodi, maelfu waliwavamia machifu hao wakidai wavue kofia zao, alama ya cheo chao. Zaidi ya wanawake 50 walipigwa risasi na askari wa serikali ya kikoloni wakafa.