Jibu: Ujirani wa OSPF kati ya Goma na Kinshasa kuvunjika ufunguo unapobadilika

Ndugu, umeeleza kwamba kila mara ufunguo wa OSPF (itifaki ambayo ruta hutumia kuelezana njia za mtandao; ufunguo ni nenosiri la siri lenye namba na muda wa kutumika) unapobadilika, ruta yenu ya Goma na ile ya Kinshasa hupoteza ujirani, yaani uhusiano wa kubadilishana taarifa hizo, kwa takribani saa nzima, kisha hupatana tena zenyewe. Nenosiri lenyewe silishuku, ingawa wengi hukimbilia kulibadilisha, kwa kuwa lingekuwa na kosa ruta hizo zisingepatana kamwe. Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Basi, ikiwa muda wa funguo umeandikwa kwa saa ya mahali, ruta ya Goma huanza kutumia ufunguo mpya saa 00:00, ilhali ile ya Kinshasa, ambayo bado iko saa 23:00, huzitupa pakiti zake, na baada ya sekunde 40 za kawaida bila pakiti inayokubaliwa ujirani huvunjika. Wekeni ruta zote mbili katika UTC (saa moja ya pamoja ya dunia) kwa NTP (itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao), kisha muda wa kupokea kila ufunguo uanze siku moja kabla ya muda wa kuutuma na uishe siku moja baada ya muda huo wa kuutuma kwisha. Namba ya ufunguo nayo iwe ile ile pande zote mbili. Mkiweza, acheni MD5, njia ya zamani ya kuthibitisha pakiti kwa ufunguo, maana HMAC-SHA, iliyo imara zaidi, imewekewa utaratibu katika OSPF tangu RFC 5709 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2009.