Miezi ya Katikati ya Ujauzito: Maswali Yenu

Maswali ya safari hii yametoka kwa walio kati ya wiki ya 14 na ya 27. Kwa wengi kichefuchefu kimeshapungua, nguvu zimerudi, na hapo ndipo kliniki husahaulika. Tafadhali msiisahau.

Nina wiki 17, uzazi wa kwanza. Wifi yangu alisikia mtoto akicheza mapema, mimi bado. Kuna tatizo? (Tanga)

Hapana, dada. Katika uzazi wa kwanza wengi huanza kusikia kati ya wiki ya 18 na ya 20, na wengine huchelewa zaidi, hasa kondo la nyuma likiwa limekaa upande wa mbele. Aliyewahi kuzaa anaweza kusikia tangu wiki ya 16 kwa sababu anaijua hisia hiyo. Mwanzoni si teke, ni kitu kama gesi inayotembea tumboni. Ukifika wiki ya 24 hujasikia chochote, nenda ukapimwe. Na mtoto aliyekwisha kuzoea kucheza akitulia isivyo kawaida yake, nenda siku hiyohiyo.

Kliniki wamenipa vidonge vitatu vya SP (dawa ya kinga ya malaria) ninywe palepale, wala siumwi malaria. Mama mkwe anasema vitamdhuru mtoto. (Geita)

Umefanya vizuri kuvinywa. Malaria ya mjamzito ina hila: vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, mama asipate hata homa, huku damu yake ikipungua na mtoto akikosa chakula cha kutosha. Watoto wengi wanaozaliwa na uzito mdogo huku kwetu wameanzia hapo. Ndiyo maana SP hutolewa hata kwa asiyeumwa, kuanzia wiki ya 13, miezi mitatu ya mwanzo ikishapita. Kati ya dozi na dozi upite angalau mwezi mmoja, na hadi kujifungua uwe umepata dozi tatu au zaidi. Unaweza kuvinywa hata kama hujala.

Mwambie mhudumu kabla ya kumeza kama salfa inakudhuru, kama unatumia Septrin kila siku (huyo hapewi SP), au kama unameza foliki asidi ya miligramu 5, kwani kiwango hicho hupunguza nguvu ya SP. Ile ya miligramu 0.4 haina shida. Chandarua kibaki palepale kitandani. Mama mkwe naye mwombe akusindikize kliniki ijayo, aulize mwenyewe; ana haki ya kumhofia mjukuu wake.

Mke wangu anakula udongo wa sokoni kila siku. Nimkataze? (Morogoro)

Kaka, usimgombeze. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo apimwe wingi wa damu kwanza. Katika miezi hii, chini ya gramu 10.5 kwa desilita (g/dL) ni upungufu. Udongo wenyewe huzuia madini ya chuma kufyonzwa, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Vidonge vya kuongeza damu anywe na maji au juisi ya machungwa, chai ikae mbali navyo. Choo kikiwa cheusi asishtuke, ni vidonge. Aulizie pia dawa ya minyoo, kipindi hiki anaruhusiwa.

Tendo la ndoa je?

Ruksa, isipokuwa kama kuna damu au maji yanayotoka ukeni, au umeambiwa kondo limekaa chini.

Wiki 25. Miguu imevimba jioni, na tangu jana uso na vidole pia. Kichwa kinauma sana. (Mbagala)

Miguu kuvimba jioni peke yake ni kawaida. Uso, vidole na kichwa kwa pamoja si kawaida. Baada ya wiki ya 20 presha inaweza kupanda na kufikia kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Usisubiri tarehe ya kliniki wala usinywe dawa ya maumivu ukalala. Nenda kituoni sasa hivi na kadi yako, mtu akusindikize, upimwe presha na protini kwenye mkojo. Ukianza kuona ukungu au maumivu makali chini ya mbavu, waambie mara tu unapofika mlangoni.