Kaliba gani ya kuwindia elki Colorado? Majibu ya aliyeumizwa bega

Mkuu, unauliza kama uchukue .300 Win Mag (aina ya risasi kubwa ya magnum, yenye teke kali) moja kwa moja kwa vile jamaa wa dukani kakwambia elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa huku Marekani, ni mgumu, chini ya hapo unajisumbua. Ngoja nikupe yaliyonikuta, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo.

Elki kweli mkubwa. Kwa sisi wa nyumbani, dume lake linampita tandala dume ila halimfikii pofu, linacheza kwenye kilo 300 na kitu, jike kama 225. Nikaogopa, nikanunua magnum hiyohiyo, tena ile nyepesi ya kupandia milima (kosa lenyewe ndo hapo, bunduki nyepesi na risasi kubwa teke lote linaishia begani kwako). Siku ya kwanza kwenye renji (uwanja wa kulenga shabaha) nikapiga risasi 20, usiku nikalalia ubavu mmoja, bega limevilia damu. Nikajipa moyo nitazoea. Nilichozoea ni kufumba macho.

Oktoba nikapata jike amesimama ubavu, yadi 150 hivi, yaani pale hata mtoto anapiga. Nikakosa. Theluji ikaruka chini ya tumbo lake, akaniangalia kidogo halafu akaondoka na wenzake, wala hata hawakukimbia. Nikailaumu darubini. Rafiki yangu mmoja mtu mzima, kawinda miaka, akanirudisha renji, akawa ananipakilia yeye bila mimi kuona, mara risasi ya kweli mara ya bandia. Ikaja zamu ya bandia, nikavuta triga, klik, na mdomo wa mtutu ukainama wenyewe kama nimepigwa kofi, na bunduki wala haijalia! Aibu niliyoiona siku ile aisee.

Nikaiuza nikachukua .308, risasi yenye teke dogo kuliko ile. Tangu hapo nimeshaangusha watatu, wote chini ya yadi 250, na hakuna aliyelalamika risasi ndogo. Sheria ya Colorado yenyewe inataka kuanzia kaliba .24 (upana wa risasi kwa inchi), kichwa cha risasi kinachofunguka kikipiga mnyama na kisichopungua greni 85 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), na nguvu ya pigo ya futi-paundi 1,000 ikifika yadi 100. Kwa hiyo .270, .308, 7mm Rem Mag, .30-06 zote zinavuka kwa mbali. .30-06 ipo tangu 1906, .270 tangu 1925, na elki hawajaongezewa ngozi toka kipindi hicho. Mwenye 6.5 Creedmoor, risasi nyembamba kuliko .308, naye usimcheke, inaua, ila mimi nikiwa nayo ningesogea karibu na nisingemlenga mfupa wa bega.

Hela yako itupie kwenye risasi zenyewe. Chukua vichwa vya shaba tupu au vile ambavyo risasi ya ndani imegandishwa na koti lake (ganda la nje la shaba), kwa .308 greni 165 hivi, kwa .30-06 hata 180. Vile vya bei chee vyenye koti jembamba vinaweza kupasukia begani visifike kwenye mapafu, halafu unashinda unafuata damu msituni mpaka giza. Lenga nyuma ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya mwili, ukifyatua pakia nyingine hapohapo bila kushangaa, kwa sababu elki aliyetobolewa mapafu anaweza bado kutembea yadi 100 kama hajaguswa. Mimi napiga bismillahi kabla ya triga na kisu kiko kiunoni, hiyo ni juu yako.

Kingine, mlimani huko futi 10,000 unahema kama umekimbizwa, msalaba wa darubini unacheza, kwa hiyo jifunze kupiga umekaa chini au umeegemeza bunduki kwenye begi, sio mezani tu.

Kama uko Denver au Aurora nicheki inboksi, uje ujaribu .308 yangu kabla hujatoa hela. Risasi unakuja nazo mwenyewe lakini.